Ghorofa ya Chini, Montreal

Khelef anataka mandhari.
Ameshaichagua: ghorofa ya kumi na moja,
kioo kuanzia sakafuni hadi darini,
mto Saint-Laurent umelala chini kama mkanda uliovuliwa.
"Siku nne tu," asema, "tuishi kama watu."
Mimi naitazama picha ileile
na ninachokiona ni kichwa cha Hilal.

Tangu azaliwe mtoto huyu nina macho ya seremala.
Pembe ya meza naipima kwa paji lake la uso,
nafasi kati ya nondo za roshani kwa mabega yake,
zulia jeupe kwa glasi moja ya juisi ya zabibu.
Meza ya kioo, hapana.
Kitanda cha juu chenye ngazi ya kamba, hapana,
ingawa Nadhifa, miaka minne na robo,
ameshakibusu kwenye skrini.

Saa tano usiku, jikoni kwetu Hamilton,
vyombo bado vimo kwenye sinki,
tunaingia nyumba za watu kama wanga,
bila hodi, tunachungulia bafu,
tunafungua makabati kwa macho.
Hakuna aliyepiga picha ya mlango wa choo usiofungika.
"Umbali mfupi kwa miguu," wameandika.
Kwa miguu ya nani?
Miguu ya Hilal husimama kwa kila kokoto;
kila mfuniko wa mtaro sharti usalimiwe.

Ile ya Plateau nusura initeke:
matofali mekundu, kikapu cha maua,
na ngazi ya chuma nje, imejisokota
kutoka barabarani hadi mlango wa juu.
Nikajiona naipanda, mtoto kiunoni,
kigari begani, mfuko wa maziwa menoni,
Nadhifa nyuma akihesabu vidato,
akifika saba, akianza upya.
Kizuri chajiuza. Nikaipita.

Na kibaya chajitembeza:
hii nyingine imeturudia mara tatu,
kila mara imepunguzwa bei.
Villeray, ghorofa ya chini.
Dirisha linatazama ukuta na mapipa mawili ya taka.
Sofa, rangi ya chai iliyomwagika zamani.
Khelef akacheka: "Tuendeshe saa sita na nusu
kwenda kutazama pipa?"
Lakini mashine ya kufulia ipo.
Sufuria zipo, tena zimeungua chini,
maana yake kuna aliyepika.
Na katika picha ya saba, pembeni kabisa,
pale mpigaji alipodhani hakuna atakayetazama,
fremu ya mlango wa jikoni ina mistari ya penseli,
mmoja, mwingine juu yake, mwingine.
Ukuta mzima wameupaka rangi upya.
Fremu wameiacha.

Nikamwonyesha. Akavuta kiti,
akavua miwani, akaivaa tena.
"Lipa," akasema, "kabla hawajaifuta."

Julai. Mvua siku tatu kati ya nne.
Mandhari: pipa la kijani, pipa la buluu,
na paka mwenye sikio lililochanika
ambaye Hilal alimngoja kila asubuhi, pua kwenye kioo,
akimwita Bibi, sijui kwa nini.
Mto tuliuona mara moja, tukiwa darajani, garini,
watoto wote wawili wamelala.

Asubuhi ya kuondoka nikitafuta soksi
nilimkuta Nadhifa amejibana kwenye fremu ile,
visigino vimegusa mbao, kidevu juu,
pumzi ameizuia.
Hakusema kitu. Alikuwa anasubiri.
Khelef akapapasa mifuko, akanitazama.
"Si nyumba yetu," nikasema.
Alikuwa ameshaipata penseli.